Tufundishe kusakinisha Python kabla ya kufundisha kuiandika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumze na walimu wenzangu wa kompyuta, na wazazi wenye vijana wanaojifunza kuandika programu, na pia mafundi wa kompyuta wa hapa Mbeya na wa mikoa jirani ya Songwe, Njombe na Iringa. Nafundisha jioni na Jumamosi katika chumba cha kupanga hapa Uyole, na wanafunzi wangu wengi ni vijana waliomaliza kidato cha nne au wanaosubiri kwenda chuo. Jambo linalonifanya niandike ni namna Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inavyowekwa na kutunzwa katika kompyuta zetu. Nimeona vijana wakiacha masomo katika wiki ya kwanza, kabla hawajaandika hata mistari 10, na kilichowakatisha tamaa hakikuwa ugumu wa lugha yenyewe. Ilisakinishwa vibaya, na hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha kosa liko wapi.

Julai iliyopita alikuja binti mmoja kutoka Mbalizi akiwa na kompyuta mpakato ambayo alikuwa ameipeleka katika duka moja la mjini na kulipia kuwekewa Python. Nilimpa zoezi ambalo kila anayeanza hupewa: programu imuulize mtu jina lake, kisha imsalimie. Alinakili kutoka ubaoni bila kukosea hata nukta, akaiendesha, akaandika jina lake kama alivyoulizwa. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba jina hilo halijafafanuliwa. Akarudia. Akajaribu jina la mama yake, jibu likawa lile lile. Nilipofika kwenye meza yake alikuwa ameshafunika kompyuta, mikono ameificha ndani ya kitenge kwa sababu ya baridi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nadhani mimi haya mambo siyawezi."

Hakuwa amekosea kitu chochote. Dukani alikuwa amewekewa toleo la 2.7, na katika matoleo ya 2 amri ile ya kuuliza hukichukua kile ambacho mtu amekiandika na kukitekeleza kana kwamba ni sehemu ya programu. Ukiandika jina, hutafuta kitu chenye jina hilo ndani ya programu, na kwa kuwa hakipo, inatoa kosa. Matoleo ya 3, ambayo ndiyo ninayofundishia, huyapokea maandishi kama maandishi. Mwezi huo huo kijana mwingine mwenye toleo lile lile la zamani aliandika programu ya kugawa mavuno ya viazi vya nyumbani kwao Umalila, magunia 7 kwa ndugu 2, na kompyuta ikampa jibu 3. Toleo la 2 likigawa namba nzima kwa namba nzima hutupa sehemu inayobaki, wakati toleo la 3 lingempa 3.5. Kosa hili la pili lilinitisha kuliko la kwanza, kwa sababu halikuja na maandishi mekundu: gunia moja lilipotea na kila kitu kikaonekana kuwa sawa.

Python ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Toleo la 2 lilitoka mwaka 2000, na la 3 likatoka Desemba 2008 likiwa limebadilishwa kwa makusudi kiasi kwamba programu nyingi za toleo la 2 haziwezi kuendeshwa humo bila kurekebishwa. Kwa zaidi ya miaka 11 matoleo hayo mawili yalitunzwa, yaani kurekebishwa kasoro zake, kwa pamoja, hadi tarehe 1 Januari 2020, siku ambayo matunzo ya toleo la 2 yalikoma. Kwa hiyo kijana anayewekewa 2.7 leo anawekewa kitu ambacho wenyewe wamekwisha kukiacha, tena bila kuambiwa. Simlaumu fundi peke yake. Fundi ana flashi aliyopewa na fundi mwenzake miaka mingi iliyopita, imejaa mafaili ya kusakinishia ambayo hayana maelezo, na mteja amesimama mbele yake akisema tu, "Niwekee Python." Tungemfundisha mteja huyo kutaja toleo analolitaka, flashi ile ingekuwa imeshasafishwa siku nyingi.

Wapo wanaosema dawa ni kuacha kabisa kutumia flashi na kila mtu apakue mwenyewe kutoka tovuti ya Python. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Faili la kusakinishia Python kwenye Windows lina ukubwa usiofika megabaiti 30, ambao kwa mtu mmoja si mzigo. Lakini darasa la vijana 20 wanaotumia bando za simu zao hufikisha karibu megabaiti 600 kabla somo halijaanza, na siku ambayo mtandao ni dhaifu nusu ya darasa hukaa ikitazama mstari wa kupakua usiosogea. Faili moja lililopakuliwa vizuri linaweza kuwahudumia wote, mradi lihakikiwe. Uhakiki wenyewe hauhitaji utaalamu: bofya faili hilo kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua sifa zake, kisha tazama sehemu ya sahihi za kidijitali. Faili halisi lina sahihi ya Python Software Foundation, taasisi inayoisimamia lugha hii. Sahihi hiyo husafiri pamoja na faili hata likipita katika flashi 10, na faili likichezewa baada ya kutiwa sahihi, Windows itaonyesha kwamba sahihi si halali. Nimewafundisha wanafunzi wangu kufanya hivyo kabla ya kubofya faili lolote la kusakinishia, hata nililowapa mimi.

Kuna suala la umri wa kompyuta, ambalo katika mikoa yetu ni zito kuliko wanavyofikiri waandishi wa vitabu. Shule na vituo vingi vina kompyuta za msaada ambazo bado zinatumia Windows 7, mfumo ambao matunzo yake yalikoma Januari 2020. Mwalimu anapakua toleo jipya kabisa la Python, linakataa kusakinishwa, naye anahitimisha kwamba kompyuta ni mbovu. Kompyuta ni nzima. Toleo la mwisho la Python kukubali Windows 7 ni 3.8, kuanzia 3.9 inahitajika angalau Windows 8.1, na kuanzia 3.13 inahitajika Windows 10. Faili la mwisho la kusakinishia la mfululizo wa 3.8 kwa ajili ya Windows ni la 3.8.10, lililotoka Mei 2021, na kompyuta yenye Windows 7 ni lazima iwe na masasisho yake ya mwisho ili ilikubali. Kwa kufundishia mambo ya msingi toleo hilo linatosha kabisa, ingawa matunzo yake nayo yalikoma Oktoba 2024 na mtu hapaswi kuliwekea kazi ya benki au ya hospitali. Mwalimu akilijua hili, chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kufuli kwa sababu eti mashine zimezeeka kinaweza kufunguliwa kesho asubuhi.

Naomba msomaji anivumilie nikae kidogo kwenye kisanduku kimoja, kwa maana ndicho kinacholeta maswali mengi kuliko kitu kingine chochote. Dirisha la kwanza la usakinishaji kwenye Windows lina, chini kabisa, kisanduku kidogo cha kutia tiki kinachouliza kama Python iongezwe kwenye PATH, yaani orodha ya mahali ambapo Windows hutafuta programu pale mtu anapoiita kwa jina. Kisanduku hicho huja kikiwa wazi, na macho ya mtu huenda moja kwa moja kwenye maandishi makubwa ya juu yanayosema sakinisha sasa. Usakinishaji unakamilika, kijana anafungua dirisha la amri, anaandika python, na Windows inamwambia haiitambui amri hiyo. Au, katika Windows 10 na 11, inamfungulia ukurasa wa duka la Microsoft, ambako naye, akidhani usakinishaji wa kwanza haukufanikiwa, anabonyeza kitufe na kupata Python ya pili. Sasa kompyuta moja ina Python mbili zisizojuana. Anapoongeza maktaba (programu zilizoandikwa tayari na wengine ili zitumike ndani ya programu yako) ya kuchora grafu, inaingia katika Python ya kwanza. Anapoendesha programu, inaendeshwa na ya pili, nayo inamwambia maktaba hiyo haipo. Anaiongeza tena na tena, bando linakwisha, na kosa haliondoki.

Kompyuta ya namna hii huletwa kwangu karibu kila mwezi, na kazi ya kwanza huwa ni kuhesabu. Faili la kusakinishia Python kwenye Windows huweka pia kizinduzi kinachoitwa py, na ukiandika py --list katika dirisha la amri kinakuorodheshea matoleo inayoyafahamu. Baada ya hapo tunaamua tubaki na lipi, na mengine tunayaondoa kwa utaratibu, kupitia sehemu ya Windows ya kuondolea programu. Nasisitiza neno utaratibu kwa sababu wengi hufuta folda tu. Folda ikifutwa, kumbukumbu zake zinabaki ndani ya Windows, na siku mtu anapotaka kusakinisha upya toleo lile lile anaambiwa lipo tayari, wakati yeye anaona kwa macho yake kwamba halipo. Hapo achague kurekebisha au kuondoa katika dirisha hilo hilo la usakinishaji, mambo yatanyooka. Na anapoongeza maktaba aiite pip, yaani chombo cha Python cha kuongezea maktaba, kupitia Python ile ile anayoitumia, kwa kuandika py -m pip badala ya pip peke yake, ili asiwe na shaka maktaba imeingia wapi.

Kwa wanaotumia Ubuntu (mfumo endeshi mwingine, usio Windows), ambao nafurahi kuona wanaongezeka hasa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo, tahadhari ni ya aina nyingine. Pale Python haihitaji kuletwa, kwa sababu inakuja na mfumo, Ubuntu 22.04 ina 3.10 na Ubuntu 24.04 ina 3.12. Lakini haikuwekwa kwa ajili yetu sisi tunaojifunza. Sehemu nyingi za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa Python na zinaitegemea. Kijana mmoja wa Iyunga, mwenye bidii ambayo ningependa kila mwanafunzi awe nayo, aliona toleo lililomo si jipya kabisa, akaamua kuliondoa ili aweke jipya. Mfumo ulimwonyesha orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka pamoja nalo na kumuuliza kama anaendelea. Alijibu ndiyo bila kuisoma. Alipowasha tena, alikuta skrini nyeusi yenye maandishi meupe yakimtaka aandike jina na nywila. Hapakuwa na madirisha wala ikoni. Mafaili yake tuliyaokoa, lakini wikiendi nzima iliishia hapo. Python ya mfumo iachwe ilivyo, na anayetaka toleo jingine aliweke pembeni yake bila kuigusa iliyopo.

Ubuntu za karibuni zimeanza kujilinda zenyewe. Kuanzia 23.04, ukijaribu kuongeza maktaba moja kwa moja kwenye Python ya mfumo kwa kutumia pip, inakataa na kukueleza kwamba mazingira hayo yanasimamiwa na chombo kingine. Vijana wakikutana na ukuta huo hutafuta mtandaoni na kukuta ushauri wa kuongeza maneno --break-system-packages mwishoni mwa amri. Kweli, amri inapita. Lakini maneno hayo maana yake ni kuvunja vitu vya mfumo, na waliotengeneza pip waliyachagua wakiwa na nia ya kumzuia mtu kabla hajabonyeza.

Njia iliyo sahihi, kwa Ubuntu na kwa Windows, ni kuupa kila mradi mazingira yake. Uwezo huo, unaoitwa venv, umo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, ingawa katika Ubuntu huwa ni lazima kwanza kuongeza kipande chake kiitwacho python3-venv. Unaingia kwenye folda ya mradi, unatoa amri moja, na ndani yake inatengenezwa folda ndogo yenye Python ya mradi huo na mahali pa kuweka maktaba zake, zisionane na za mradi mwingine. Wanafunzi wangu huwaambia wenzao wapya kwamba ni kama kila familia kuwa na jiko lake ndani ya nyumba ya kupanga: chumvi ya huku haimwagiki kwenye chungu cha kule. Mradi wa kuhesabu mauzo ya duka ukihitaji toleo la zamani la maktaba fulani, na mradi wa chuo ukihitaji jipya, yote mawili yanaishi katika kompyuta moja bila ugomvi, na ukiharibu mazingira ya mmoja unaifuta ile folda ndogo na kuitengeneza tena kwa dakika chache.

Lakini folda hiyo haihamishwi. Nimeshaona wanafunzi wakikaa muda mrefu wakinakili mazingira mazima kwenye flashi, maelfu ya mafaili madogo, ili kumpelekea mwenzao wa Iringa au Makambako, na yakifika hayaendeshi, kwa kuwa ndani yake imeandikwa anwani ya Python ya kompyuta ya kwanza. Kinachopelekwa ni programu yenyewe na faili dogo la maandishi, ambalo kwa desturi huitwa requirements.txt, lenye majina ya maktaba na namba za matoleo yake. Aliyelipokea anatengeneza mazingira yake mwenyewe na kusakinisha kwa kufuata orodha hiyo. Hata asiye na intaneti anaweza: pip ina amri ya kupakua maktaba na kuziweka tu katika folda bila kuzisakinisha, na ina amri ya kusakinisha kutoka folda hiyo bila kugusa mtandao. Sharti ni kwamba aliyepakua awe amepakua kwa ajili ya mfumo endeshi ule ule, toleo lile lile la Python, na biti zile zile, 32 au 64, kama kompyuta itakayopokea. Sharti hili watu hulisahau, na safari ya flashi inakuwa ya bure.

Ndiyo maana naomba mambo mawili. Walimu wenzangu, vipindi viwili vya kwanza vya somo la programu viwe vya usakinishaji, kila mwanafunzi akifanya kwa mikono yake na kuandika daftarini toleo aliloweka, mahali alipoliweka na tarehe. Tusiwakabidhi kompyuta ambazo zimeshaandaliwa na mtu mwingine usiku, kwa maana siku yule aliyeziandaa atakapohama, darasa zima litahama naye. Na wenye vituo na maduka, kila mahali kuwe na diski moja tu iliyotengwa kwa kazi hii, yenye mafaili yaliyohakikiwa sahihi, kila faili katika folda iliyoandikwa toleo na mfumo unaolikubali, na ya zamani yaondolewe. Kila Oktoba hutoka toleo jipya la Python, na kila toleo hutunzwa kwa miaka 5. Kwa hiyo kuipitia diski mara moja kwa mwaka, Novemba kwa mfano, baada ya toleo jipya kutulia kidogo, kunatosha.

Mimi nimeshatengeneza diski tatu za namna hiyo. Moja iko hapa Uyole, ya pili iko kwa fundi wa Mwanjelwa aliyekubali kufuta flashi yake ya zamani mbele yangu, na ya tatu inaondoka Jumatatu na basi la alfajiri kwenda Chunya, kwa mwalimu mwenye kompyuta 11 ambazo 6 kati yake zina Windows 7. Ndani yake nimemwekea 3.8.10 ya biti 32 na ya biti 64, maktaba zinazoendana na kila moja, na karatasi niliyoiandika kwa mkono yenye mchoro wa dirisha la usakinishaji, na kile kisanduku cha chini nimekizungushia duara kwa wino mwekundu.

Wako,
Mwalimu wa kompyuta,
Uyole, Mbeya.